Kioo Kinapozima: Laptopu Yenye Prosesa Mbili za Picha



Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na sahaba zake. Ama baad.

Wiki hii nimepokea barua ya binti mmoja anayehariri video za harusi za wanawake. Hiyo ni riziki ya halali, na ni sitara kubwa kwa wenzake, kwani mabibi harusi wetu wengi hawapendi picha zao za siku ya hina na za kupambwa zipite mikononi mwa wanaume. Kazi yake yote imo ndani ya laptopu moja aliyonunuliwa na kaka yake. Sasa asema kwamba akiwa katikati ya kuhariri, kioo huwa cheusi kwa muda mfupi kisha hurudi, na akitazama huikuta programu ya kuhariri imejifunga na kazi ya saa nzima imepotea. Juzi kilimtokea kioo cha buluu. Fundi aliyemwendea, bila hata kuifungua mashine, alimwambia kuwa kadi ya picha imekufa, akamtajia bei inayokaribia nusu ya kompyuta mpya. Mama yake naye ameshahukumu kwamba aliyeiharibu ni mdogo wake wa kiume, ambaye huichezea michezo usiku. Binti yetu auliza mambo matatu: Je, ni kweli imekufa? Je, aweza kumwachia fundi mashine yenye picha za wake na mabinti za watu? Na je, yampasa mdogo wake kulipa?

Nitaanza na la kwanza, kwa sababu haya mawili mengine yanalitegemea. Wanazuoni wetu wametufundisha kwamba hukumu ya jambo hutanguliwa na kulifahamu jambo lenyewe.

Laptopu nyingi zilizotengenezwa kwa kazi nzito, kama kuhariri video au kuchora ramani za nyumba, zina prosesa mbili za kushughulikia picha. Ya kwanza ni ndogo, imo ndani ya prosesa kuu yenyewe, nayo huwa ni ya Intel au ya AMD. Haina kumbukumbu yake mahsusi bali huazima sehemu ya ile ya kompyuta nzima, hula umeme kidogo, na haipati joto jingi. Ya pili ni kubwa, imekaa peke yake juu ya ubao, mara nyingi ni ya NVIDIA na wakati mwingine ya AMD. Hii ina kumbukumbu yake, ina nguvu, na joto lake ndilo linaloifanya feni ivume kama upepo wa kusi. Ukiandika barua au ukisoma tafsiri, ndogo hutosha. Ukihariri video, kazi hupewa kubwa. Zamani mwenye kompyuta alilazimika kuchagua mwenyewe, na katika mashine nyingine ilibidi kuzima na kuwasha upya ndipo mabadilishano yafanyike. Mwaka 2010 NVIDIA ilitoa mpango uitwao Optimus, unaobadilisha bila mtumiaji kuhisi.

Lakini lipo jambo ambalo wengi hawalijui, na ndilo ufunguo wa mas'ala haya. Katika laptopu nyingi za aina hii, kioo hakikuunganishwa na prosesa kubwa. Kimeunganishwa na ndogo. Kubwa huchora, kisha huikabidhi ndogo ile picha, na ndogo ndiyo huifikisha kiooni. Waliosoma elimu ya hadithi watalifahamu haraka, kwani ni kama isnadi: mpokezi wa mwanzo aweza kuwa madhubuti, lakini aliyepokea kutoka kwake akiwa dhaifu, habari hufika na kasoro, na asiyejua huenda akamlaumu asiye na makosa.

Kila moja katika prosesa hizi ina programu yake iitwayo draiva, nayo ni mkalimani baina ya Windows na kifaa chenyewe. Kwa hiyo ndani ya laptopu hii wamo wakalimani wawili, mara nyingi wametoka kampuni mbili tofauti, na kila mmoja hufanywa upya kwa wakati wake. Windows yenyewe huweza kumbadilisha mmoja kimya kimya pale inapojisasisha, na mwenzake akabaki wa zamani. Hapo ndipo mara nyingi ugomvi huanzia, wala hakuna kilichokufa.

Tangu Windows Vista, mfumo huu umewekewa mlinzi wa kuangalia picha. Prosesa ya picha ikipewa kazi na isijibu kwa sekunde mbili, mlinzi huihesabu kuwa imekwama, humwangusha mkalimani wake na kumwinua upya. Kwa nje utaona kioo kinakuwa cheusi kisha kinarudi. Programu iliyokuwa ikitumia prosesa ile hupotewa na kila ilichokuwa imekishika, na nyingi hujifunga. Hivi ndivyo alivyoeleza binti yetu. Kule kurudi kwa kioo ni dalili njema kwa kiasi fulani, maana mlinzi ameweza kuinua kilichoanguka. Akishindwa kabisa ndipo huja kile kioo cha buluu, na mara nyingi huandikwa juu yake VIDEO_TDR_FAILURE.

Binti yangu, kioo hicho kikija tena usikizime kwa hofu. Chukua simu ukipige picha, kwa sababu mara nyingi huandika pia jina la faili, na jina hilo ni shahidi. Likianza na herufi nv, kama nvlddmkm, aliyeanguka ni mkalimani wa NVIDIA. Likianza na amdk au ati, ni wa AMD. Likianza na igdk, ni wa Intel, yaani ile prosesa ndogo ambayo hakuna aliyeishuku. Hata pale ambapo kioo kilirudi salama, ushahidi hubaki: fungua palipoandikwa 'Event Viewer', uingie 'Windows Logs' kisha 'System', utafute onyo lenye nambari 4101. Humo limetajwa jina la draiva iliyoacha kujibu, pamoja na saa na dakika. Linganisha saa hiyo na ulichokuwa ukifanya. Fundi aliyetoa hukumu ya kifo bila kuangalia ukurasa huu amehukumu bila kusikiliza shahidi.

Kabla ya kugusa chochote, nakili kazi zako zote kwenye diski ya nje. Hili halina mjadala, na atakayelipuuza akaja kulia asimlaumu draiva.

Kisha tazama joto, kwa kuwa ni jepesi na halina gharama. Kwetu pwani hewa ni ya moto na ya unyevunyevu, na nyumba nyingi zina vumbi la mchanga. Kompyuta ikiwekwa juu ya kitanda au mto, matundu ya chini huzibwa na feni hukosa pumzi. Iweke juu ya meza ngumu, isafishwe vumbi, na uone kama kuzima kunapungua. Ikiwa ina miaka mingi, ile dawa inayopakwa baina ya prosesa na chuma cha kupoza huwa imekauka, na kuibadilisha ni kazi ndogo kwa fundi mwenye mkono mzuri.

Baada ya hapo fungua 'Device Manager', kisha 'Display adapters'. Yapasa uone majina mawili. Ukiona moja tu, au ukiona alama ya manjano kando ya mojawapo, umekwisha kupata njia. Ikiwa tabu ilianza mara baada ya Windows kujisasisha, bofya jina la ile iliyotajwa na shahidi, ingia 'Driver', na ukikuta 'Roll Back Driver' inabofyeka, itumie: humrudisha mkalimani wa zamani aliyekuwa akielewana na mwenzake. Ikiwa haibofyeki, nenda katika tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, andika nambari ya modeli iliyobandikwa chini yake, na uchukue draiva zote mbili zilizowekwa kwa modeli hiyo. Huenda zikawa za zamani kuliko zilizoko kwa NVIDIA au Intel, lakini mtengenezaji amezijaribu pamoja ndani ya mashine hiyo hiyo, na kwa laptopu ya prosesa mbili, kuelewana ni bora kuliko upya.

Mara nyingine mabaki ya draiva ya zamani hubaki yakivuruga ile mpya. Ipo programu ya bure iitwayo Display Driver Uninstaller, ambayo mafundi wengi huiita DDU, inayofuta draiva za picha hadi mizizi yake. Hutumiwa Windows ikiwa katika hali ya usalama, yaani 'Safe Mode', na intaneti ikiwa imekatwa, ili Windows isikimbilie kuleta draiva yake yenyewe kabla hujaweka uliyoichagua. Hatua hii kama huna uzoefu ifanye na mtu anayejua, lakini ifanyike mbele yako.

Sasa twaja kwenye jaribio linalotenganisha haki na batili. Ingia 'Settings', kisha 'System', 'Display', na 'Graphics'. Tangu mwaka 2018 Windows 10 inakuruhusu kuipangia kila programu prosesa yake. Ichague programu yako ya kuhariri, uipe 'Power saving', yaani ile ndogo. Kazi itakwenda polepole, lakini fanya subira kwa siku mbili tatu. Ikiwa kioo hakizimi tena, tatizo liko upande wa kubwa, ama mkalimani wake au kifaa chenyewe. Ikiwa kinaendelea kuzima vilevile, basi kubwa imesingiziwa, na yafaa kuangalia draiva ya ndogo au kumbukumbu ya kompyuta. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, kisha ungoje. Wapo vijana wanaobadilisha mambo matano kwa usiku mmoja. Asubuhi mashine imepona na hakuna ajuaye kilichoiponya, na ikirudi kuugua wanaanza upya.

Ukishajua kuwa tatizo ni la kubwa, na huna fedha sasa, waweza kuizima hiyo kubwa katika 'Device Manager' kwa 'Disable device' na kuendelea na kazi kwa ndogo. Lakini tahadhari sana usizime ndogo! Kama nilivyotangulia kusema, mara nyingi kioo kimeunganishwa nayo, na ukiizima huenda ukabaki na picha mbovu au giza tupu. Na kioo kikiwa cheusi bila kurudi, kabla ya kushikilia kitufe cha kuzimia, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na herufi B. Hilo huwaamsha wakalimani upya, na mara nyingine hukuokolea kazi ambayo hukuwa umeihifadhi.

Na ni lini basi tuseme kweli kadi imekufa? Ipo dalili moja ninayoipenda kwa uwazi wake. Washa kompyuta, na kabla Windows haijaanza, pale inapoonekana nembo ya kampuni, tazama kioo. Saa hiyo draiva za Windows bado hazijaamka. Ukiona mistari ya rangi au vijisanduku vilivyotapakaa tangu hapo, wakalimani hawana hatia. Iunganishe na televisheni: ikiwa televisheni yaonyesha picha safi na kioo cha laptopu kina mistari, mbovu ni kioo au waya wake, na hiyo si gharama ya kadi hata kidogo. Ikiwa mistari iko kote kuwili, hapo prosesa yenyewe imeingia mashakani.

Mambo hayo hutokea, na yamewahi kutokea kwa wingi. Mwezi wa Julai 2008 NVIDIA ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na milioni 200 kwa ajili ya prosesa zake za laptopu zilizokuwa zikiharibika kwa udhaifu wa mada zilizotumika kuzitengeneza. Februari 2015 Apple nayo ilianzisha mpango wa kutengeneza bila malipo baadhi ya MacBook Pro zilizouzwa kuanzia 2011 hadi 2013, kwa sababu ya matatizo ya picha. Kwa mashine kama hizo hakuna draiva itakayoponya. Baadhi ya mafundi huipasha prosesa moto kwa kifaa cha hewa ya moto, kompyuta ikawaka, mteja akalipa kwa furaha, kisha baada ya wiki au miezi ikazima tena. Fundi akisema wazi kwamba hiyo ni nafuu ya muda na mteja akaridhia, hakuna ubaya. Akiificha na kuiita matengenezo kamili, hiyo ni ghushi, na fedha aliyoichukua ina maneno.

Ama suala la pili, la kumwachia fundi mashine, jibu langu ni kwamba usimwachie picha hizo. Wale waliokupa video zao wamekuaminia wewe, hawakumwaminia fundi, na amana haihamishwi bila ya idhini ya mwenyewe. Wala usidhani nywila ya kuingilia inatosha, kwani diski ikitolewa na kuunganishwa na kompyuta nyingine, yaliyomo husomeka ikiwa hayakufungwa kwa njia ya siri. Hata kuyafuta tu hakutoshi, maana kilichofutwa kwa njia ya kawaida chaweza kurudishwa. Iliyo salama ni kumtaka fundi aitoe diski mbele yako, uondoke nayo mkobani. Kwa kuchunguza kadi ya picha haihitaji. Anaweza kuiwasha mashine kwa diski yake mwenyewe au kwa flashi yenye mfumo. Ikiwa kumbukumbu yako imeganda juu ya ubao na haitoki, kaa naye hadi amalize, ukiwa na mahram wako au na dada mwenzako. Fundi mwadilifu hatakasirika kwa masharti haya. Na sasa tunao mabinti waliosomea ufundi wa kompyuta. Kuwapa kazi hizi ni kheri kwa pande zote mbili.

La tatu ni la mdogo wako. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, aliyeazima kitu hukidhamini kikiharibika, isipokuwa kile kilichochakaa kwa matumizi yaliyoruhusiwa. Kwa hiyo ikiwa ulikuwa ukimpa laptopu huku ukijua kuwa anacheza michezo, na ikachoka kwa michezo hiyo, hadaiwi kitu. Ikiwa ulimkataza naye akaichukua kwa siri, hukumu ni nyingine, lakini hata hapo lazima ithibiti kwamba kuna kilichoharibika. Michezo huipa prosesa kubwa kazi na joto, hilo ni kweli, na video zako nazo huipa vivyo hivyo. Aya ya sita ya Suratul Hujurat imetuamrisha kuzithibitisha habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, na ndugu wa tumbo moja ana haki zaidi ya hilo. Mwombe mama, kwa upole na heshima yake, aahirishe hukumu mpaka ile nambari 4101 isomwe. Nimeona pia mwishoni mwa barua kuwa jirani amesema ni jicho, kwa kuwa kazi yako ilikuwa imeanza kusifiwa. Sisi hatukanushi jicho, na kusoma Muawwidhatayn ni kheri asubuhi na jioni. Ukishazisoma, fungua 'Device Manager'.

Limebaki neno kwa wanaotaka kununua laptopu zilizotumika, zile zinazoingia nchini kutoka Uingereza na Dubai, ambazo nyingine ni nzuri na bei yake ni ya kuvumilika. Kwa kuwa mashine ya prosesa mbili huweza kutumika kwa ile ndogo peke yake, muuzaji asiye na hofu ya Mungu aweza kuizima kubwa iliyo mbovu, na dukani kila kitu kikaonekana sawa. Kabla hujatoa fedha, hakikisha majina mawili yanaonekana na hayana alama ya manjano, kisha ipe kazi nzito ya picha kwa nusu saa mbele ya muuzaji, uisikilize feni na ukitazame kioo. Muuzaji anayejua aibu ya bidhaa yampasa aitaje. Ukigundua baada ya kununua kwamba aibu ilikuwapo tangu kwake, sharia imekupa hiyari ya kuirudisha na kudai fedha yako, madhali huikawilii. Andikishianeni risiti yenye modeli ya mashine na majina ya prosesa zote mbili, na binti yetu naye aitafute ya kaka yake kama bado ipo.

Wallahu a'lam.